Umenunua Biti, au Umepanga?

Wiki bumu linapoingia, studio ndogo za Sinza na Ubungo hujaa wanachuo. Mtu anachagua biti kwenye laptop ya prodyuza, analipa kwa simu, anaingiza sauti, anamiksiwa, na kabla UE haijabisha hodi ngoma iko YouTube, Boomplay na Spotify. Mimi nasoma sheria, mwaka wa tatu, na tangu tufundishwe hakimiliki washkaji wamenigeuza wakili wao wa bure. Maswali yanatofautiana, ila mengi yanaanzia sehemu moja: "Kaka, biti si nililipia? Sasa huyu anadai nini tena?"

Makala hii ni jibu la swali hilo. Nimewaandikia wanaoimba na wanaotengeneza biti, maana chuoni kwetu wapo wote, na wengine wanalala chumba kimoja. Wewe usiyeimba usiruke ukurasa. Ukiweka muziki kwenye tangazo la biashara yako ya mitumba, au kwenye video ya kampeni ya uchaguzi wetu wa wanafunzi, mambo ni yaleyale.

Kulipa ni jambo moja, kumiliki ni jingine

Tuanze na kitu ambacho kila mwanachuo anakijua: geto. Ukilipa kodi ya chumba miezi sita, unapata ruhusa ya kulala, kupika, kualika watu. Hupati ruhusa ya kubomoa ukuta wala kukiuza chumba. Na mwenye nyumba ana haki ya kupangisha vyumba vingine kwa watu wengine. Hakuna anayeshangaa hilo, kwa sababu wote tunajua kupanga si kununua.

Biti ni hivyohivyo. Mara nyingi hela unayompa prodyuza inakupa ruhusa ya kuitumia kazi yake kwa namna fulani. Ruhusa hiyo ndiyo inaitwa leseni. Biti yenyewe inabaki kuwa yake mpaka mkubaliane vinginevyo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi kwa kule kuitunga tu kazi yake. Haimtaki kwanza aende kuisajili popote. Kusajili COSOTA kunamsaidia kuwa na ushahidi siku ya ugomvi, lakini haki inazaliwa siku ile kazi inapotungwa. Wenzetu wa Zanzibar wana sheria yao ya 2003 na ofisi yao, COSOZA.

Kwa hiyo meseji ya M-Pesa inathibitisha kwamba hela imetoka kwako kwenda kwa fulani, tarehe fulani, saa fulani. Haisemi ilikuwa ya nini. Haisemi biti ipi, kwa wimbo upi, kwa muda gani, na kama kuna mtu mwingine anaruhusiwa kuitumia. Hayo yote yanabaki vichwani mwa watu wawili, na vichwa viwili havikumbuki sawa hela ikiongezeka.

Mwaka jana jamaa mmoja wa hosteli yetu alitoa ngoma iliyopendwa sana hapa chuoni. Kampuni moja ikaitaka kwa tangazo la redio, na malipo yangemtosha ada ya mwaka mzima. Waliomba karatasi moja tu: uthibitisho kwamba biti ana haki nayo. Alichokuwa nacho ni meseji ya muamala. Akarudi kwa prodyuza, akaambiwa biti ile ameshapewa pia msanii mmoja wa Mwanza, na kwamba ikiingia kwenye tangazo bei ni nyingine kabisa. Wakiwa bado wanavutana, kampuni ikachukua wimbo wa mtu mwingine.

Nilikaa na wote wawili baada ya hapo. Sikuona mwizi pale. Mmoja aliamini ameuziwa nyumba, mwenzake aliamini amepangisha chumba, na siku ya malipo hakuna aliyeuliza.

Wimbo mmoja, mali mbili

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo twende polepole. Ndani ya wimbo uliorekodiwa kuna vitu viwili ambavyo sheria inaviangalia tofauti.

Cha kwanza ni utunzi: melodi, mashairi, mpangilio wa kodi za kinanda. Hiki kipo hata kama wimbo haujawahi kurekodiwa. Cha pili ni rekodi yenyewe, ile sauti iliyofungwa kwenye faili, ambayo watu wa muziki wanaiita masta. Ukiimba upya wimbo wa zamani wa dansi kwa sauti yako na gitaa lako, rekodi ni mpya ila utunzi ni wa mwenyewe. Ukikata sekunde nne za rekodi ya zamani ukaziweka kwenye biti yako, yaani ukisampo, umegusa vyote viwili kwa mpigo.

Sasa angalia biti. Prodyuza aliyetunga ile melodi ya kinanda unayoimba juu yake ni mtunzi, kama wewe uliyeandika mashairi. Na faili alilokupa ni rekodi yake. Ngoma yako ikitoka, ndani yake kuna utunzi wenu wawili na rekodi inayobeba kazi zenu wote. Ndiyo maana mikataba mingi ya biti mtandaoni hugawa utunzi nusu kwa nusu: asilimia 50 msanii, 50 prodyuza. Mgawanyo huo si amri ya sheria, ni mazoea ya soko. Mnaweza kukubaliana mwingine wowote, ila kubalianeni.

Mgawanyo huu una maana kwa sababu hela za muziki huingia kwa milango tofauti. Strimu zinalipa upande wa rekodi na upande wa utunzi. Wimbo ukipigwa redioni au ukumbini, kuna mirabaha ya watunzi. Ukiingia kwenye filamu au tangazo, anayeuhitaji lazima apate ruhusa ya utunzi na ruhusa ya rekodi. Mlango mmoja ukifungwa, dili limekufa.

Ngazi za leseni

Kwenye masoko ya biti mtandaoni kama BeatStars na Airbit, na sasa hata kwa maprodyuza wetu wanaouza kwa WhatsApp, biti moja huwa na bei kadhaa. Majina yanabadilika kutoka kwa muuzaji hadi muuzaji, lakini ngazi ni kama hizi.

Ngazi ya chini ni leseni ya pamoja ya faili la MP3. Ni rahisi, na mara nyingi ina mipaka ya idadi ya strimu, idadi ya video na muda. Watu wengine nao wanaipata biti hiyohiyo.

Juu yake kuna leseni ya pamoja yenye faili la WAV, ambalo ubora wake ni mkubwa, na mipaka inapanuka kidogo.

Kisha kuna ile unayopewa mafaili ya ala mojamoja: ngoma peke yake, besi peke yake, kinanda peke yake. Hii inampa anayemiksi nafasi ya kupanga sauti yako vizuri. Bado ni ya pamoja.

Halafu kuna isiyo na kikomo cha strimu. Hapa wengi hukosea jina na kudhani biti imekuwa yao. Kikomo kilichoondoka ni cha hesabu tu. Wapangaji wenzako bado wapo.

Juu kabisa kuna leseni ya kipekee. Kuanzia siku hiyo prodyuza haruhusiwi kumpa mtu mwingine biti ile. Lakini soma vizuri: waliokuwa wameshachukua leseni kabla yako kwa kawaida wanaendelea na zao mpaka ziishe. Na leseni ya kipekee peke yake haihamishi umiliki. Kuhamisha umiliki ni mkataba mwingine, na lazima useme hivyo waziwazi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme leseni yako inaruhusu strimu 100,000. Ngoma ikafika 100,001. Kuanzia hapo unaendelea kusambaza kazi bila ruhusa, hata kama kila kitu kabla ya hapo kilikuwa halali. Dawa yake ni nyepesi ukiwahi: unamtafuta prodyuza ukiwa na strimu 70,000 au 80,000, unapanda ngazi. Ukichelewa, yeye ndiye anapanga bei, na anajua huwezi kuutoa wimbo ambao watu wameshaukariri.

Na hapo ndipo penye uzito wa somo zima. Kabla wimbo haujatoka, ruhusa ni bei ya chipsi mayai za wiki chache, na prodyuza anakubembeleza wewe. Wimbo ukishavuma, kitu kilekile kinauzwa kwa bei ya wimbo uliovuma. Biti haijabadilika. Kilichobadilika ni nani ana haraka.

Biti ya dola 30

Mfano maarufu kuliko yote ni wa Marekani, na una mafunzo mengi kwa pamoja. Mwaka 2018 kijana wa Atlanta anayejiita Lil Nas X, wakati huo hana lebo wala jina, alinunua leseni ya biti kwa dola 30. Biti ilitengenezwa na kijana wa Uholanzi anayeitwa YoungKio, aliyekuwa ameiweka mtandaoni kwa yeyote anayeitaka. Hawakuwa wanafahamiana. Desemba mwaka huo ukatoka wimbo "Old Town Road". Mwaka 2019 ukakaa namba moja kwenye chati ya Billboard Hot 100 kwa wiki 19, rekodi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla yake.

Ndani ya ile biti kulikuwa na jambo jingine. YoungKio alikuwa amesampo kipande cha bendi ya Nine Inch Nails kutoka albamu yao ya 2008, "Ghosts I–IV". Albamu ile bendi yenyewe iliitoa kwa leseni ya Creative Commons, iliyoruhusu watu kuitumia na kuibadilisha kwa masharti, na moja ya masharti lilikuwa matumizi yasiwe ya biashara. Wimbo unaouzwa dunia nzima ni biashara. Kwa hiyo leseni ya dola 30 haikuweza kumaliza kazi, kwa sababu prodyuza huwezi kumpa mtu ruhusa ambayo wewe mwenyewe huna.

Mambo yalitengenezwa. Lebo kubwa ya Columbia ilimsaini msanii, sampo ikaombewa ruhusa, na Trent Reznor na Atticus Ross wa Nine Inch Nails wakaandikwa kama watunzi na maprodyuza wa wimbo pamoja na wenzao. Watu huusimulia mkasa huu kama hadithi ya bahati, kwamba dola 30 zimezaa mamilioni. Mimi naona pia kwamba nyuma yake palikuwa na lebo yenye wanasheria na hela ya kusafisha haki baada ya wimbo kuvuma. Wewe wa Mabibo Hosteli, ngoma yako ikivuma Jumatatu, Jumanne utampigia nani?

Kuna watakaosema, hayo ni ya Ulaya na Marekani, huku nani atanifuata? Kwanza, Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994. Maana yake kazi ya Mholanzi inalindwa hapa, na kazi yako inalindwa kwao. Pili, hakuna anayehitaji kupanda ndege kukufuata. YouTube ina mfumo unaoitwa Content ID. Mwenye haki akishaweka faili lake humo, mfumo unalinganisha kila video inayopandishwa. Ukifanana, mwenye faili anaweza kuifungia video yako au kuchukua mapato yake.

Mfumo huohuo una mtego kwa wenye leseni ya pamoja. Msanii mmoja akisajili wimbo wake Content ID, ile biti iliyo ndani yake inasajiliwa kwa jina lake, na wapangaji wenzake wote wanaanza kupokea madai. Ndiyo maana leseni nyingi za pamoja zinakataza waziwazi kuusajili wimbo humo. Unapojaza fomu ya msambazaji wako wa mtandaoni, ukafika pale anapouliza kama unataka huduma hiyo, usibonyeze ndiyo kwa mazoea.

"Bure" maana yake nini?

Ukitafuta biti YouTube utaona neno bure kila mahali. Fungua maelezo chini ya video usome. Mara nyingi utakuta ni bure kwa matumizi yasiyoingiza kipato: kujifunzia, kufanyia mazoezi ya mistari, kupandisha bila kuchuma. Ukitaka kuiweka kwenye majukwaa yanayolipa, kuna bei. Na ukiidauniludi kwa ujanja ukafuta ile sauti ya prodyuza inayojirudia jina lake, umefuta saini tu. Mwenye kazi bado yupo.

Lupu ni jambo tofauti kidogo. Programu nyingi za kutengenezea muziki huja na vipande vya ngoma na ala ambavyo leseni yake inaruhusu kuvitumia kwenye nyimbo za biashara. Mdundo wa "Umbrella" ya Rihanna, wimbo wa 2007, umejengwa juu ya lupu ya ngoma iliyokuja na programu ya GarageBand, na ni halali kabisa. Hasara yake ni kwamba lupu ile kila mtu anayo. Huwezi kudai ni yako peke yako.

Na kwa wanaotengenezesha biti kwa akili bandia: soma masharti ya akaunti yako. Huduma kadhaa huruhusu biashara kwa wanaolipia tu, na akaunti ya bure ni ya kujifurahisha. Kanuni haijabadilika hata mashine ikiwa mtunzi: tafuta ruhusa imeandikwa wapi.

Kwaya na pleibaki

Nisiwasahau wanakwaya, maana nao wanatoa kazi kila muhula. Kuna kawaida ya kuchukua pleibaki ya wimbo maarufu wa injili, kubadili maneno mawili matatu, kurekodi na kuuza. Hapo kuna watu wawili wa kuombwa ruhusa: mtunzi wa wimbo, na aliyeirekodi ile pleibaki. Ukilipia pleibaki kwenye duka la mtandaoni, umemalizana na wa pili, na mara nyingi kwa kuimba jukwaani tu. Kuitoa kwenye albamu ni ruhusa nyingine, na mtunzi naye bado anakusubiri.

Njia nyepesi ni mpiga kinanda wenu apige upya. Hapo rekodi ni yenu, mnabaki na deni moja tu, la mtunzi. Na kama mtunzi ni mtu wa hapahapa, simu moja ya heshima na karatasi moja vinatosha mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. "Shikamoo mwalimu, tunaomba kibali cha wimbo wako" ni sentensi ambayo wengi hawajawahi kuisema, halafu wanashangaa mzee amekasirika.

Upande wa prodyuza

Mpaka hapa unaweza kudhani namtetea msanii. Sasa ngoja nigeuze. Chuoni hapa kuna jamaa anayetengeneza biti kwa laptop iliyopasuka kioo, na nimesikia kazi zake mbili zikipigwa kwenye bonanza bila jina lake kutajwa popote. Aliuza kila moja kwa shilingi 20,000. Ukimuuliza aliuza nini, anasema, "Aah, biti tu."

Kwa watu kama yeye namtaja Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 alirekodi "Mbube" kwenye studio ya Gallo, Johannesburg, na akauza haki za wimbo huo kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia, ukageuzwa kuwa "The Lion Sleeps Tonight", ukaingia mpaka kwenye filamu ya "The Lion King". Linda alifariki 1962 akiwa maskini. Familia yake ilifungua kesi dhidi ya Disney mwaka 2004, na 2006 yakafikiwa makubaliano ya kuwalipa. Miaka zaidi ya sitini ilipita tangu zile shilingi kumi.

Kwa hiyo prodyuza, usiuze umiliki kwa bei ya kukodisha. Kama ni leseni, andika leseni. Andika jina lako litajwe, na asilimia yako ya utunzi. Na kuwa makini zaidi na biti ya kuagizwa, ile ambayo msanii anakuja kukuambia "nitengenezee kitu hivi na hivi". Kwa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inachukulia kwamba kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama wahusika wamekubaliana vinginevyo. Yaani ukikaa kimya, ukimya wako unaweza kusomwa kwa faida ya mwenzako. Sheria hiyohiyo inasema uhamisho wa hakimiliki au leseni ya kipekee haina nguvu kama haiko kwenye maandishi yaliyosainiwa na mwenye haki. Kwa hiyo msanii wa Nairobi anayejivunia ameuziwa biti "kwa mdomo, iwe yake tu" hana kitu cha kujivunia.

Na ukiwa umesampo, mwambie msanii kabla hajalipa. Ukinyamaza, unamuuzia kesi.

Karatasi moja inatosha

Watu wanaogopa neno mkataba, wanawaza kurasa ishirini na mwanasheria wa Posta. Kwa ngoma ya kawaida ya mwanachuo, ukurasa mmoja wa Kiswahili unaofahamika ni bora kuliko madesa ya kurasa kumi ya Kiingereza mliyoyanakili bila kuyasoma. Huu hapa mfano. Ubadilisheni mtakavyo.

MAKUBALIANO YA MATUMIZI YA BITI

1. Mimi ______ (prodyuza), niliyetengeneza biti iitwayo ______, nampa ______ (msanii) ruhusa ya kuitumia katika wimbo mmoja uitwao ______.

2. Ruhusa hii ni: ya pamoja / ya kipekee. (Kata isiyohusika.) Umiliki wa biti unabaki kwa prodyuza / unahamia kwa msanii. (Kata isiyohusika.)

3. Waliokwisha kupewa biti hii kabla ya leo ni: ______. (Kama hakuna, andika "hakuna".)

4. Msanii anaruhusiwa: kusambaza mtandaoni hadi strimu ______ / bila kikomo, video ______, kuimba jukwaani, redio na televisheni. Matangazo ya biashara na filamu: ndiyo / hapana / kwa makubaliano mapya.

5. Muda wa ruhusa: miaka ______ kuanzia tarehe ya chini.

6. Malipo: shilingi ______, yaliyolipwa kwa njia ya ______, namba ya muamala ______.

7. Mgawanyo wa utunzi: msanii asilimia ______, prodyuza asilimia ______. Mapato ya rekodi: msanii asilimia ______, prodyuza asilimia ______.

8. Jina la prodyuza litaandikwa hivi: ______.

9. Prodyuza anathibitisha kwamba biti haina sampo ya kazi ya mtu mwingine / ina sampo ya ______, na ruhusa yake imepatikana / haijapatikana.

10. Wimbo kusajiliwa Content ID: ndiyo / hapana.

Saini mbili, mashahidi wawili, tarehe. Kila mtu abaki na nakala, na mpige picha muihifadhi kwenye barua pepe, maana simu zinaibiwa.

Tazama kipengele cha 6. Ile meseji ya muamala sasa ina kazi, kwa sababu imeunganishwa na maelezo ya kilicholipiwa. Na kipengele cha 3 ndicho kingemwokoa yule jamaa wa tangazo la redio. Angejua mapema kwamba ana mwenzake Mwanza, akaamua kama anapanda ngazi au anatafuta biti nyingine. Kipengele cha 4 kingemwambia kabisa aulize habari ya matangazo siku ile ile.

Ukinunua kwenye soko la mtandaoni, karatasi hii huwa unapewa tayari, kwa Kiingereza, pamoja na faili. Usiifute kuokoa nafasi kwenye simu. Isome hata kama ni ndefu, tafuta humo vitu kumi hivi, na usichokielewa mpelekee mtu anayesoma sheria. Tuko wengi chuoni na tuna njaa. Sahani ya wali maharage inatosha.

Nimesikia hoja kwamba kumwekea mshkaji karatasi mezani ni kumwonyesha humwamini. Wimbo "Malaika" unaujua, bibi yako anaujua, umeimbwa kila bara. Nani hasa aliutunga, watu wamebishana kwa miongo mingi, na jina la Fadhili William, aliyeurekodi, haliwezi kutajwa bila mtu mwingine kutajwa pia. Walioanza ubishi ule hawakuwa maadui tangu mwanzo. Wengi wanaogombana juu ya wimbo walianza kama marafiki, ndiyo maana hawakuandika.

Kwa hiyo prodyuza wako muulize leo: hii ninayolipia ni ya kupanga au ya kununua, nani mwingine anayo, na inaishia wapi? Yaandikeni kabla hamjaingia studio, wakati bado mnacheka pamoja.